Mpeni Mbunge Tarehe

Pale Mikindani lipo boma la Mjerumani, lilijengwa mwaka 1895. Limekarabatiwa, wageni wanalala humo, na paa lake lipo. Leo sizungumzii boma hilo. Kwetu vijijini boma ni zahanati, darasa au nyumba ya mwalimu ambayo wananchi wamechangishana, wakafyatua tofali, wakapandisha kuta mpaka usawa wa renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kisha wakaambiwa waishie hapo, Serikali itamalizia. Wakaishia hapo. Mvua za misimu mitatu zikapita, tofali za juu zikaanza kumung'unyuka, mbuzi wakapata pa kulala.

Nilikuwa fundi sanifu wa majengo wa halmashauri kwa miaka 26. Sasa nimestaafu, nipo Mingoyo, nauza korosho za kubangua kwa wasafiri wanaoshuka njia panda ya Mnazi Mmoja. Kila baada ya muda hunijia wajumbe wa serikali ya kijiji fulani, kofia mikononi. "Shikamoo mama fundi." Marahaba wanangu. "Tuna boma letu. Tunataka mbunge alisemee bungeni." Vizuri. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na mbunge ana haki ya kumuuliza waziri swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ila mbunge hulisemea boma kwa kadiri ya karatasi aliyopewa. Ukimpa kilio, atapeleka kilio Dodoma na atarudi na pole.

Hili nilijifunza kwa aibu. Mwaka 2014 kijiji kimoja huku kwetu kilikuwa na kuta za zahanati zilizosimama tangu 2010. Niliwasaidia kuandika swali, kimyakimya, maana nilikuwa bado mtumishi. Tukaandika: "Je, ni lini Serikali itakamilisha ujenzi wa zahanati ya kijiji chetu?" Mbunge akalichukua, likapangiwa siku, watu wakakusanyika kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika kusikiliza redio. Naibu Waziri akasimama. Serikali inatambua umuhimu wa huduma za afya kwa wananchi, na itaendelea kutenga fedha kwa awamu kulingana na upatikanaji wa fedha. Mbunge alikuwa na maswali mawili ya nyongeza. La kwanza akalipeleka kwenye barabara ya kata nyingine kabisa. La pili: je, Mheshimiwa Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami baada ya Bunge hili akajionee mwenyewe? "Niko tayari." Ghala zima likapiga makofi. Mzee mmoja akanigeukia, akauliza kwa upole: "Sasa mama fundi, hiyo ndiyo bati?"

Swali la "lini" lina jibu lililokwisha kupigwa chapa. Ukitaka jibu jingine, uliza jambo lililokwisha kutokea, lenye siku na kiasi.

Kwanza, jueni anayejenga ni nani

Nendeni saiti mkasome bango. Kama bango lipo, litataja mwenye mradi, mkandarasi, msimamizi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Lipigeni picha mapema. Rangi nyekundu hupauka kwanza kwa jua letu, na mara nyingi tarehe ya kumaliza ndiyo huandikwa kwa nyekundu.

Jengo lililochelewa mikononi mwa mkandarasi lina ugonjwa wake. Mkandarasi hufanya kazi, mhandisi huja kupima, hati ya malipo inaandaliwa, halmashauri au wizara inalipa. Hati isipolipwa, mkandarasi hupunguza mafundi, halafu huondoa mashine ya zege, mwisho hubaki mlinzi na panga lake. Watu wakipita barabarani husema mkandarasi mzembe. Huenda si mzembe; huenda anadai, na deni lake linazaa riba itakayolipwa kwa kodi zetu. Lakini pia yupo aliyelipwa malipo ya awali, akaenda kufungua saiti nyingine kwa fedha hizo. Mtawatofautishaje? Kwa mambo manne: siku aliyokabidhiwa saiti, muda wa mkataba, barua za nyongeza ya muda alizopewa na sababu zake, na tarehe ya hati ya mwisho pamoja na siku iliyolipwa. Kama muda umekwisha, hana barua ya nyongeza na hadai kitu, mkataba una kifungu cha fidia ya ucheleweshaji, hukatwa kwa kila siku iliyozidi. Ulizeni kama imekatwa. Katika miaka yangu yote nilisikia wananchi wakiuliza hilo mara moja tu, na aliyeuliza alikuwa mwalimu wa hesabu.

Jengo la fosi akaunti ni jambo jingine. Hapo hakuna mkandarasi. Fedha huingia kwenye akaunti ya shule au ya kituo, na panakuwa na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wajumbe ni nyinyi wenyewe, wazazi na wanakijiji. Ajabu yake, watu huja kwangu kutafuta siri ambayo imelala kwenye daftari la mapokezi nyumbani kwa jirani yao. Fungueni daftari hilo. Saruji mifuko mingapi iliingia, siku gani, nani alisaini, na leja ya stoo inasema imetoka mingapi. Fundi alilipwa awamu ya pili kabla ya kufunga renta au baada? Mkikuta kosa ni la kamati yenu, limalizeni kijijini kwanza. Msimpeleke mbunge akaaibike.

Halafu lipo boma lenyewe, lile la nguvu za wananchi linalosubiri kumaliziwa. Hilo ndilo gumu zaidi, kwa sababu halina mkataba wala tarehe ya kumaliza. Limejengwa na watu, na ahadi yake ni ya mdomo.

Kuna sababu za kuchelewa ambazo ni halali, nazo ziandikeni. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, lakini nondo na bati hutoka Dar es Salaam, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, malori yalilala njiani. Kwenda Liwale katikati ya masika na lori la kokoto ni kazi nyingine kabisa. Mkizificha sababu hizi, waziri atazisema yeye, na nyinyi mtaonekana waongo mbele ya nchi nzima.

Ila msikubali kuambiwa kwamba ujenzi wenyewe ndio unaochukua miaka. Mwishoni mwa 2021 zilipokuja fedha za UVIKO-19, madarasa 15,000 yalipangwa nchi nzima, milioni 20 kila moja, na wanafunzi wa Januari ndio waliokuwa wakingojewa. Mafundi walipiga plasta usiku kwa taa za jenereta. Fedha iliyofika yote kwa pamoja, na siku ya mwisho inayojulikana, hujenga haraka.

Kutengwa, kutolewa, kupokelewa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maboma mengi yanapofia.

Bungeni mtasikia "fedha zimetengwa". Kutengwa maana yake zimeandikwa kwenye kitabu cha bajeti. Hakuna aliyeziona. Baadaye Hazina huzitoa, zote au nusu, au haitoi kabisa. Kisha halmashauri huzipokea, siku nyingine na pengine kiasi kingine. Vitenzi vitatu, tarehe tatu. Mtu akikwambia kimoja, muulize viwili vilivyobaki.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Fedha ikipokelewa Oktoba, kuna muda wa kutangaza, kununua, kupaua na kuezeka kabla masika hayajakolea. Ikipokelewa Juni, ni balaa. Kabla mhasibu hajamaliza kuandaa malipo, mfumo unafungwa, na kisichotumika kinaweza kurudi Hazina mpaka kiombewe upya.

Zahanati ile ya 2014 iliponirudia miaka minne baadaye, nilikataa kuandika swali jingine la "lini". Nikawaambia wazee tutafute tarehe. Diwani wao alikuwa na makabrasha ya vikao vya baraza chini ya kitanda, mengine yameliwa na mchwa. Tukayatandaza ukumbini kwake, na mkewe akatuchemshia ming'oko, maana kazi ilichukua siku nzima. Kwenye taarifa ya mapato ya robo ya nne tulikuta mstari mmoja: shilingi milioni 50, ukamilishaji wa zahanati, zimepokelewa Juni 11, 2017. Kwenye taarifa ya robo iliyofuata mstari huo haukuwepo. Katika bajeti ya 2018/2019 haukuwepo. Fedha ilikuja, ikakaa siku 19, ikaondoka, na hakuna aliyeiomba tena. Mimi mwenyewe nilikuwa ofisini humo wakati huo. Fundi sanifu haoni vitabu vya mhasibu, na mhasibu hapandi pikipiki kwenda kuona boma.

Karatasi hizi mtazipata wapi? Anzeni kwa diwani; kabrasha la baraza anapewa kila kikao. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, nendeni mkakae nyuma, msikilize taarifa ya utekelezaji ya kila robo. Angalieni ubao wa matangazo wa kata. Mwenge wa Uhuru ukikaribia wilayani, mafaili ya miradi hufutwa vumbi na kupangwa vizuri, basi wiki hizo afisa huwa na majibu mdomoni. Mkinyimwa, andikeni barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri mkitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inataka mjibiwe ndani ya siku 30. Pelekeni nakala mbili, moja irudi kwenu na mhuri wa masjala. Mhuri ule ni ushahidi kwamba mliuliza, hata kama hamkujibiwa, na "tuliandika siku fulani hatukujibiwa" ni sentensi nzuri sana kwa mbunge kuisoma.

Mtahitaji pia muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaoonyesha michango yenu: kila kaya ilitoa nini, tofali ngapi, siku ngapi za kazi. Mkutano huo hutakiwa kila miezi mitatu, lakini kuanzia Septemba watu wako kwenye mikorosho na akidi haitimii. Uitisheni Julai au Agosti.

Ukurasa mmoja

Mbunge ana vijiji vingi. Msimpelekee faili lenye kamba. Mpeni ukurasa mmoja: juu jina la jengo na kijiji, chini yake tarehe zikifuatana kushuka, kila tarehe na karatasi inayoithibitisha, mwisho kabisa swali lenyewe. Picha moja ya boma, yenye mtu amesimama pembeni ili urefu wa majani uonekane. Michango ya matusi kwa watendaji iacheni kijiweni.

Swali letu la pili lilisomeka hivi: "Je, shilingi milioni 50 zilizopokelewa na halmashauri tarehe 11 Juni, 2017 kwa ajili ya kukamilisha zahanati ya kijiji hiki zilikwenda wapi, na kwa nini hazikuombwa tena katika bajeti ya mwaka 2018/2019?" Jaribu kulijibu kwa "kulingana na upatikanaji wa fedha". Halijibiki. Fedha ilikwisha kupatikana.

Maswali ya nyongeza yaandikeni pia, yote mawili, na mumwombe mbunge kwa heshima asiyapeleke barabarani. La kwanza liwe juu ya kiasi na mwezi: je, Serikali iko tayari kutaja robo ya mwaka ambayo fedha hizo zitarejeshwa? La pili liwe juu ya wengine: je, ni maboma mangapi mengine katika mkoa huu ambayo fedha zake zilirudi Hazina kwa namna hiyo? La pili hili ndilo linalowaamsha wabunge wa majimbo jirani, na wakiamka wanne hamko peke yenu. Lile la "yuko tayari kuongozana nami" liachwe. Ndilo jibu la bei rahisi kuliko yote bungeni.

Wakati nao una maana. Swali la msingi huandikwa na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge mapema ili wizara iandae majibu, hivyo ukurasa unaompelekea mbunge akiwa amekwisha panda basi la Dodoma umechelewa. Mimi hupendelea Januari na Februari. Mwezi Machi kamati za Bunge hutembelea miradi kabla ya kuchambua bajeti, na Aprili hadi Juni ni Bunge la Bajeti lenyewe. Humo mbunge ana silaha nyingine, kushika shilingi: anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Shilingi hurudishwa karibu kila mara, najua. Lakini waziri hulazimika kusimama na kueleza bila kusoma karatasi ya majibu iliyoandaliwa wiki mbili kabla, na maelezo hayo huandikwa kwenye Hansard, yaani Taarifa Rasmi ya Bunge, neno kwa neno.

Mbunge si mlango pekee. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, hukabidhi ripoti yake kwa Rais kufikia mwisho wa Machi, kisha inawasilishwa bungeni na kila mtu anaweza kuisoma. Tafuteni jina la halmashauri yenu humo. Boma lenu likiwa hoja ya ukaguzi, litafika kwa LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, na Mkurugenzi ataitwa kama Afisa Masuuli, mwenye dhamana ya fedha za halmashauri, kujieleza. Kwa kuwa wakaguzi hukaa halmashauri kwa wiki kadhaa, nakala ya ukurasa wenu mnaweza kuwapelekea hapo hapo. Kama jengo ni la wizara, mlango ni PAC, kamati ya hesabu za Serikali Kuu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, kwa mfano, ambayo tuliisubiri miaka na miaka hadi ikaanza kutoa huduma mwaka 2021, si ya halmashauri. Diwani angepiga kelele mpaka sauti ikauke, Mkurugenzi angesema kweli kwamba haimhusu. Watu wengi hupoteza mwaka mzima kwa kubisha mlango usiohusika.

Mkisha kujibiwa

Jibu la swali letu lilitaja kiasi na mwaka wa fedha. Hakuna aliyepiga makofi, maana watu walikuwa shambani. Tukapakua Taarifa Rasmi ya siku hiyo kutoka tovuti ya Bunge, tukaichapa, diwani akaenda nayo barazani na kuuliza kila robo: Serikali ilisema bungeni hivi, sisi tumefika wapi? Akaulizwa kama anamtisha Mkurugenzi. Akasema hapana, anasoma tu. Alisoma robo tatu mfululizo.

Bati zilipandishwa Novemba 2019, na safari hiyo kazi alipewa mkandarasi mdogo. Ndipo ninapowaambia watu wasiondoke saiti baada ya picha za uzinduzi. Sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa mpaka kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro za jengo, kiishe, na akishalipwa zuio hilo humwoni tena. Ombeni halmashauri tarehe ya mwisho ya kipindi hicho na muiandike kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Kisha subirini mvua ya kwanza kubwa ya Desemba. Ikinyesha, usingoje ikatike. Chukua tochi na chaki, ingia chumba kwa chumba, angalia dari kwenye kona na mahali paa linapokutana na ukuta, na kila panapodondoka chora duara chini yake, uandike tarehe. Kwa zahanati yetu tulichora maduara saba, matano yakiwa chumba cha kujifungulia. Barua ya kuyataja tukaipeleka masjala kesho yake asubuhi, nakala mbili.